Chungu Kilirudi Kimejaa

Chungu cha mama kilirudi nyumbani kimejaa. Nilikiona kikishuka mlimani juu ya kichwa chake, kimetulia vilevile kilivyopanda asubuhi, povu limekauka ukingoni. Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nakunja pindo la sketi ya shule ya mtoto wa watu, nikasimamisha mguu. Huku kwetu Nyakisasa chungu cha pombe ya ndizi hakirudi kimejaa. Kinaweza kurudi kimepasuka, kinaweza kurudi kimebebwa na mtu anayeyumba, lakini kujaa, hapana.

"Vipi, Mama?"

"Hawakuwa na kiu," alisema, akakitua nyuma ya mlango, akaingia ndani kuvua kitenge cha shambani.

Watu wamelima shamba la mgonjwa tangu umande haujakauka mpaka jua la utosini, halafu hawana kiu. Mimi ni mtu wa kushuku, hilo silifichi. Mwenye duka akinirudishia chenji huku anatabasamu, nahesabu mara mbili. Marehemu mume wangu, kule Nyamahanga upande wa Biharamulo nilikoolewa, alikuwa akisema kwamba siku nikifika mbinguni nitamwomba mlinzi wa mlango kitambulisho. Basi kiu ya watu wale sikuimeza. Nilimaliza pindo langu nikiwa na jambo kichwani.

Inabidi nieleze chama kilicholima shamba lile, maana bila hicho, chungu ni chungu tu. Tunakiita ingobyi, kwa jina la kile kitanda cha miti na kamba ambacho wazee wetu walibebea wagonjwa kabla njia za magari hazijafika. Kwa Kihangaza ingobyi ni hiyo machela, na ni mbeleko pia: kinachombeba mtoto mgongoni na kinachombeba mtu mzima siku miguu imemkataa, vyote vina jina moja. Siku hizi pikipiki zipo, na gari la wagonjwa likipigiwa simu huja, ilimradi mvua haijakata njia. Lakini masika yakishika, mlima wetu unateleza kama sabuni, na mgonjwa wa kukaa nyuma ya pikipiki ni yule ambaye hajaumwa sana. Kwa hiyo chama kipo. Kinabeba wagonjwa, kinabeba maiti, kinalima shamba la aliyelala, kinachota maji na kupasua kuni penye msiba. Kila nyumba hutoa bega. Mjane kama mama, asiye na mwanamume wa kubeba, hulipa bega lake kwa jembe na kwa kuni, na mama hakuwahi kukosa hata siku moja.

Ingobyi haina ofisi. Inalala kwa zamu katika nyumba za wanachama, imetundikwa ndani, na nyumba inayoilaza inajiona imepewa heshima. Ikihamishwa inabebwa na watu wanne hata ikiwa tupu, kila mmoja na pembe yake, taratibu, kana kwamba mtu amelala ndani. Ikibebwa na mtu mmoja, wazee husema, inatafuta wa kumlaza. Mtoto akiigeuza bembea, huchapwa na mtu yeyote aliye karibu, na mama yake hushukuru.

Na kuna chungu. Kazi ikiisha, aliye na zamu huleta pombe ya ndizi, na sharti iwe kwenye chungu. Dumu la njano mwenyekiti alishalikataa, anasema pombe ya kwenye plastiki ni ya kuuza, si ya kushukuru. Mwenye chungu anapiga goti, anachovya mrija, anavuta, anameza watu wote wakimwona koo. Ndipo mrija uleule unakwenda kwa mwenyekiti, kisha kwa mwingine na mwingine. Huko ndiko kutoa uchawi. Hata maji ya kunywa nyumbani, mwenyeji hugusisha midomo kwanza ndipo ampe mgeni. Kule Nyamahanga tulikuwa tunafanya hivyo kwa utani, "toa uchawi bwana," watu wanacheka. Huku kwetu hakuna anayecheka.

Mimi sikuwa mwanachama. Nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya kumzika mume wangu, na aliyerudi kutoka kuolewa husubiri mpaka chama kimzoee. Kwa hiyo yaliyotokea shambani sikuyaona. Nikafanya ninachokijua vizuri. Kesho yake nilibeba mkungu wa ndizi, nikapanda kwenda kumjulia hali yule mgonjwa, mtu wa makamo aliyekwisha rudishwa na hospitali akae na watu wake. Mgonjwa alikuwa amesinzia. Mkewe alinipokea, akanionyesha kigoda.

"Dada, jana kulikuwa na nini?"

"Mama yako hakuonja," alisema.

Alisema hivyo tu kwanza. Kisha akanieleza. Mama alipiga goti kama kawaida, akachovya mrija, halafu akaunyoosha kwa mwenyekiti bila kuutia mdomoni. Akasema, "Mimi leo nimepumzika pombe. Kunyweni." Mwenyekiti akaupokea mrija akabaki nao mkononi. Watu wakaanza kuwa na sababu. Huyu yumo kwenye novena, sala za siku tisa, hagusi pombe. Yule tumbo halijakaa sawa. Jirani yetu wa bondeni, mtu ambaye hajawahi kupishana na chungu bila kukisalimu, alishika shavu akasema jino linamuuma. Novena, tumbo na jino, vyote kwa siku moja, katika shamba moja.

"Hakuna aliyekunywa?"

Mwanamke yule aliangalia mlango wa chumba. "Mume wangu. Alisikia kimya kile, akaita kutoka ndani, akasema nileteeni mimi, mimi sina cha kuogopa tena. Nikamchotea kwenye kikombe chake. Akanywa chote, akamsifu mama yako."

Nilishuka mlima kwa hasira. Niliwakasirikia wale watu wa novena, na nilimkasirikia mama. Alizaliwa mlimani huku, sheria ya chungu aliijua kabla hajajua kusali Baba Yetu. Angeweza kulowanisha midomo tu. Tone moja. Mtu wa umri wake, mjane, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, hana ruhusa ya kusahau kuonja. Huku wana neno lao, mrozi, mtu anayelisha wenzake kifo kwenye chakula, na neno hilo likishatua kwenye paa la nyumba ya mwanamke mzee haliruki tena. Na mrozi hana wanne wa kumbeba. Akiugua, ataugulia pale alipolala, na akifa, ndugu zake watatafuta pikipiki na kamba. Mama aliwahi kuona maiti ikishushwa hivyo, zamani kidogo, na kila alipokumbuka aliacha kula.

Sikumuuliza. Nilitaka kwanza nijue, ndipo niulize. Ndivyo nilivyo.

Mgonjwa wa mlimani hakupitisha mwezi, akafa. Alikuwa anakufa tangu kabla ya mavuno, kila mtu alijua, paroko alikuwa ameshampaka mafuta ya wagonjwa. Lakini alikunywa chungu cha mama, peke yake katika kundi zima, kisha akafa, na habari yenye mpangilio mzuri namna hiyo watu hawaiachi ipotee. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tulikwenda msibani. Mama alibeba kuni zake kama siku zote, akazitua pamoja na za wenzake. Nilikaa mahali ambapo naweza kuziona. Wanawake walikuja kuchukua kuni za kupikia, huku zikaisha, kule zikaisha, mzigo wa mama ukabaki na kamba yake haijafunguliwa. Maharage yakaivia kuni za watu wengine. Mama alikuwa akichambua mchele na hakuinua kichwa, lakini najua aliona, maana mchele ule aliuchambua mara ya pili wakati ulikuwa safi.

Baada ya hapo mambo yakawa yananifuata yenyewe. Jirani wa bondeni alikuwa na kawaida ya kuomba moto kwetu jioni. Alinunua kiberiti. Watoto waliokuwa wakikata njia katikati ya migomba yetu walianza kuzunguka. Shikamoo zilibaki palepale, hakuna aliyemnyima mama shikamoo, ila zilikuja zikitokea mbali na mwenye kuzitoa alikuwa ameshaanza kupita. Kisha ikafika zamu ya nyumba yetu kulaza ingobyi. Mama alifagia chumba cha mbele, akapigilia misumari mipya ukutani. Alasiri ile tuliwaona wanne wakija na njia ya juu, ingobyi mabegani, mwenyekiti mbele yao na fimbo. Mama alifunga kitenge vizuri, akasimama mlangoni. Wakapita. Mwenyekiti alituinulia mkono wa salamu, na ingobyi ikashuka mpaka kwa jirani wa bondeni.

Mama aliingia ndani, akaing'oa ile misumari mmoja mmoja kwa nyuma ya panga. Nilimwonea uchungu mpaka nikashindwa kuendelea na cherehani. Na ndani ya uchungu huohuo, Mungu anisaidie, swali likaota: kwa nini hakuonja?

Nikaanza kumtazama. Nilikuwa na miezi michache tu tangu nirudi, na nilidhani mazoea yake yote mapya ni ya uzee. Sasa nikayapanga upya. Mama alikuwa na kikombe chake na bakuli lake, amevifudikiza kwenye kichanja cha peke yake, na nikivigusa ananiambia acha, nitaosha mwenyewe. Alinilaza chumba cha nyuma, yeye akalala cha mbele na dirisha wazi hata mvua ikinyesha. Jumapili kanisani hakuingia tena ndani, alisali nje chini ya upenu kama mtu aliyetengwa na sakramenti. Na alikwenda Rulenge. Kila baada ya muda anavaa viatu, anasema anakwenda kuwasalimia masista, anarudi jioni hana salamu za sista yeyote. Mtu anayeficha kikombe chake, anayeogopa kuingia kanisani, anayesafiri bila sababu. Kama ningesimuliwa habari za mwanamke wa namna hiyo na mtu baki, ningejua la kusema.

Siku moja alipokwenda Rulenge nilipekua nyumba. Sisemi niliteleza nikaona, nilipekua. Chini ya kitanda hakuna. Kwenye sanduku la nguo hakuna. Kwenye gunia la maharage, mkono umezama mpaka kiwiko, niligusa kitambaa. Nilikivuta kimefungwa kwa fundo la nguvu, nikakaa sakafuni nacho mapajani, nikihofia kukifungua na nikijua nitakifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vyekundu, vikubwa, kwenye pakiti za karatasi ya fedha, kama vile vya hospitali. Mume wangu niliyemzika alimeza vidonge vya rangi hiyohiyo kwa majuma machache, alipokuwa amekwisha chelewa. Sikuhitaji kusomewa.

Mama alinikuta palepale sakafuni. Alitazama vidonge, akanitazama mimi, akavua viatu kwanza.

"Kwa hiyo na wewe ulikuwa hunywi chungu changu," alisema.

Nilimuuliza tu tangu lini.

Tangu kabla sijarudi. Kikohozi, homa za jioni, nguo zikampwaya, akaenda hospitali ya Rulenge peke yake, wakampima makohozi wakamwambia ni kifua kikuu, kinatibika, ameze dawa asiruke. Wakamuuliza anaishi na nani, akajibu peke yake, na wakati ule ilikuwa kweli. Nesi akamwambia aache pombe, akikohoa afunike mdomo, akae penye hewa, asijibane na watu ndani. Hayo aliyasikia. Mengine akajiongezea mwenyewe: kikombe, bakuli, mrija.

"Mrija mmoja, mwanangu. Unatoka kinywani mwangu unaingia kinywani mwa mwenyekiti, unakwenda kwa mama mwenye mimba, unakwenda kwa wote. Niwalishe kifua, kisha waseme asante?"

"Si ungewaambia, Mama?"

Alicheka, kicheko kifupi kikamtoa kikohozi, akageukia dirishani na kujifunika. "Niwaambie nini? Mrozi wanamwogopa, lakini wanampa shikamoo. Mwenye kifua hakuna anayekaa naye mkeka mmoja. Nikipona nitaonja mbele yao, yataisha." Akaviangalia vidonge vyake. "Na wewe funga mdomo. Apa."

Niliapa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo, akasema methali ni za watu wazima wenye afya.

Kumbe mwenyekiti hakuwa na nia ya kungoja. Alikuja nyumbani, akakataa kuingia, akakaa kwenye ngazi ya baraza na fimbo katikati ya magoti. Ni mtu mpole sana, na mtu mpole sana mimi humwogopa. Alizungumzia mvua. Akazungumzia mnyauko wa migomba. Mwishoni akasema, kana kwamba limempitia tu, "Mama, ile zamu yako naona haikukaa vizuri. Tunakwenda kumlimia mjane wa yule marehemu. Ungeleta chungu tena, tukafuta."

"Nitaleta," alisema mama.

"Na binti aje. Ni wakati naye azoeleke."

Alipoondoka nilimwambia mama kwamba hilo ni baraza la hukumu, na mimi wameniita nikae na mtuhumiwa. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kuchagua ndizi.

Alikamua pombe ile kwa uangalifu ambao sijauona hata kwenye mahari ya dada yangu. Alizivundika ndizi, akazimenya, akazikanda kwa nyasi kwenye mtumbwi wa mti mpaka juisi ikatoka nyeupe, akachuja mara kwa mara, akatia mtama aliouchoma mwenyewe, na muda wote ule alifunga kitambaa puani na mdomoni. Nikamwambia akionekana na kitambaa hicho akipika pombe ya watu, hakuna padre atakayetuokoa. Alinijibu nifunge mlango. Siku ya kazi alikata mirija miwili kwenye matete, akaifunga kiunoni, nami nikafikiri mmoja ni wa akiba.

Tulilima. Mjane alikuwa anapanda maharage nyuma yetu, na pembeni watoto walikuwa wakichoma mahindi. Jua lilipokaa utosini watu walifuta majembe, wakakaa kwenye majani kwa nusu duara, na sijawahi kuona watu wenye uchovu wakikaa wima namna ile. Mama alipiga goti mbele ya chungu. Akachomoa mrija mmoja, akachovya, akauweka mdomoni. Akavuta. Koo lake lilipanda likashuka, wote tuliliona, na pumzi ikawatoka watu. Nami ikanitoka. Nilisema moyoni, haya, yameisha, mwanamke huyu ana akili kuliko sisi sote.

Halafu akauvunja ule mrija vipande viwili, akautupa kwenye moto wa mahindi ya kuchoma. Akachomoa wa pili, mpya, akampa mwenyekiti.

Mimi ndiye niliyekuwa najua, na hata mimi niliiona sura ya kitendo kile. Ameonja kwa mrija wake. Ameuchoma. Watu wengine amewapa mrija mwingine. Kama kuna mrozi aliyewahi kusoma kazi yake, basi hivyo ndivyo angefanya. Jirani wa bondeni alisimama kabisa.

"Umebadirisha mrija," alisema. "Mama, sote tumeona. Umebadirisha."

Mwenyekiti aliushika ule mrija mpya mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshikizwa nyoka. "Tueleze," alisema, na upole wake ulikuwa umekwisha.

Nilifungua kinywa. Mama alininyamazisha kwa mkono bila kunitazama. Bado alikuwa amepiga goti.

"Nina kifua kikuu," alisema. "Natumia dawa Rulenge. Siku ile sikuonja kwa sababu mrija ungetoka kwangu ukaenda kwenu. Leo nimeonja kwa wangu nikauchoma. Huo mlioushika haujagusa mdomo wangu. Sasa mnajua."

Nilitazama watu wakigawanyika. Hakuna aliyekimbia, sisi ni watu wenye adabu, lakini nusu duara ile ilipanuka. Mmoja alisogeza jembe lake, mwingine akalifuata, mama mwenye mimba akaenda kuangalia kitu mgombani. Mpaka wanamaliza kusogea kwa adabu, mama alikuwa amebaki na chungu chake katikati ya eneo tupu. Uchawi ulikuwa umemtoka na alikuwa peke yake zaidi. Nilitamani kuwatukana wote kwa Kihangaza na kwa Kisubi nilichojifunza ukweni.

Aliyesogea mbele ni mjane. Alikuja na mikono yenye udongo mpaka karibu na mama. "Mume wangu alikunywa," alisema.

"Kwenye kikombe chake," alisema mama. "Ulimchotea wewe. Mimi sikugusa."

"Najua, nilimchotea mimi. Nilikuwa nataka nikusikie ukisema." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, chungu kimeonjwa au hakijaonjwa?"

Mwenyekiti alifikiri. Sheria ilisema mwenye chungu anywe mbele ya watu, na koo la mama wote walikuwa wameliona. "Kimeonjwa," alisema. Akachovya ule mrija, akanywa, si sana. Mjane akanywa. Wawili watatu wakafuata, wakivuta kwa haraka na kufuta midomo. Jirani wa bondeni alishika shavu. Chungu kilirudi nyumbani nusu, na safari hii nilikibeba mimi.

Niliambatana na mama mpaka Rulenge, nikapimwa, sikuwa nacho. Nesi alipoelezwa habari za mrija aliweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huu unapita kwenye pumzi ya mtu anayekohoa mahali palipofungwa, haukai kwenye mrija wala kwenye bakuli, na mtu aliyemeza dawa muda wote huo bila kuruka kama mama hamwambukizi mtu tena. Mama alimsikiliza kwa heshima. "Kwa hiyo ningeonja tu," alisema. Nesi akasema hapana, pombe ndiyo aliyokatazwa, na hata hilo tone asirudie. Njiani kurudi mama alisimama mara moja, akacheka peke yake, akaendelea.

Nyumbani tulikaa tukisubiri na hatukujua tunasubiri nini. Nilizitafsiri siku kwa kila kilichopita njiani. Mtoto akikata katikati ya migomba, wametusamehe. Mtu akizunguka, wametutenga. Nilijua watakachofanya: hawatamfukuza mama, watamsahau tu, pole pole, kwa salamu nyingi.

Alasiri moja nilisikia hatua nyingi zikija taratibu. Niliinua macho kutoka kwenye cherehani. Walikuwa wanaume wanne na ingobyi mabegani, tupu, wanapandisha kutoka bondeni. Nilisimama na mkasi mkononi. Wazo langu la kwanza, na silionei haya, lilikuwa kwamba wamesikia ni kifua kikuu, wakapiga hesabu, wakaona bora machela iwe karibu na atakayeihitaji. Mama alitoka nyuma ya nyumba na majani ya ng'ombe, akaiona, akayaangusha majani yote.

Hawakuishia uani. Waliiingiza ndani, wakaomba misumari. Mama aliileta ileile aliyoing'oa, alikuwa ameifunga kwenye kitambaa kimoja na dawa zake. Aliyeshika pembe ya nyuma alikuwa jirani wa bondeni, anatiririka jasho, bega limeingia alama ya mti.

"Jino lako linaendeleaje?" mama alimuuliza.

"Rimepona, Mama," alisema jirani, akitazama ukuta.

Mama aliniambia nilete maji. Nilichota kwenye mtungi, kwa kikombe cha mama, maana ndicho kilichokuwa karibu, au labda nilitaka kuona. Nilikiinua midomoni ili nionje kwanza, kama ilivyo desturi. Jirani aliunyoosha mkono akakichukua kabla hakijanigusa, akakiinamisha, akanywa.

Sikumwamini. Nilisimama palepale nikilitazama koo lake, mpaka kikombe kikaisha.